Ekseli ya Kulia

Ekseli ilikatika Jumanne saa mbili asubuhi, na Grasiana Laurenti hakuwa akiiangalia. Alikuwa amegeuka kuchukua kikombe cha chai dirishani. Alisikia mlio mmoja mfupi wa chuma, kisha viroba vya mchanga vikaanguka sakafuni kwa kishindo, kisha mota ikaendelea kuzunguka bila kitu cha kuzungusha. Alizima swichi. Karakana ikawa kimya, na chai ikamwagikia kidole chake bila yeye kuhisi moto.

Mashine ile ya kujaribia ekseli aliitengeneza mwenyewe. Mota ilitoka kwenye vyuma chakavu vya kiwanda cha mkonge ambako baba yake alifanya kazi miaka thelathini. Alikuwa amefunga ekseli moja ya nyuma ya pikapu, upande mmoja ukiwa umeshikwa na beringi mbili, upande wa gurudumu ukiwa umening'inizwa viroba vya mchanga, uzito wa kilo mia saba. Ekseli ikizunguka, ule uzito huipinda kidogo kuelekea chini, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ikigeuka nusu mzunguko, upande uliokuwa umevutika unabanwa, na uliokuwa umebanwa unavutika. Hivyo hivyo mara elfu moja na mia mbili kwa dakika, kutwa nzima, na pembeni kidude kidogo kinahesabu kila mzunguko.

Nia yake ilikuwa njema. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mkerezaji wa vyuma anayejulikana Korogwe nzima, na alitaka kubuni ekseli zake mwenyewe za pikapu zinazobeba mizigo kwenye barabara za vumbi. Kabla ya kubuni mpya alitaka kujua ile aliyowahi kutengeneza mwaka uliopita ingedumu kiasi gani. Alitarajia izunguke mwezi mzima. Ilikuwa imezunguka siku sita.

Aliinama akasoma namba. Milioni tatu na laki tisa na elfu themanini na kitu. Kila mzunguko wa gurudumu la pikapu ni mita mbili na robo kasoro kidogo. Alichukua kalamu, akazidisha juu ya kipande cha boksi. Kilomita elfu nane na mia saba.

Ekseli mbili za namna ile ile, za chuma kile kile, zilikuwa kwenye pikapu ya Ukasha Mdoe wa Misima. Zilifungwa wiki arobaini na saba zilizopita. Ukasha hubeba mzigo mzito mara tatu kwa wiki, safari ya kilomita sitini kila mara. Grasiana alizidisha tena. Akarudia, akitumaini amekosea. Kilomita elfu nane na mia nne na sitini.

Aliokota kipande kilichokatika. Kilikuwa bado na joto. Kimekatikia pale pale alipojua kingekatikia, kwenye kona, mahali shafti inapokutana na bamba la duara linalofungwa gurudumu. Kona ile ilitakiwa iwe na mviringo, shafti inenepe polepole kabla ya kuwa bamba. Yeye aliikata kali, kama kona ya meza. Aliikumbuka siku yenyewe. Kifuniko cha beringi kilikuwa hakikai vizuri, kingepanda juu ya ule mviringo. Dawa ilikuwa kukikereza kifuniko ukingo wake, kazi ya saa moja tu. Lakini ilikuwa Ijumaa, Ukasha alitaka kuwahi swala ya mchana kwao, naye akaondoa mviringo badala ya kukereza kifuniko. Chuma kikichoka huanzia kwenye kona. Alilijua hilo tangu chuoni.

Alimpigia Ukasha. Simu haikupatikana. Akampigia mkewe, Husna.

"Ametoka tangu saa moja, dada Grasi," Husna alisema. "Wanapita kupakia alizeti ya kikundi cha akina mama, kisha wanakuja huko kwenu Korogwe kukamua. Na mama mkwe yumo."

"Wako wangapi juu?"

"Tisa, kumi. Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Nataka tu kuliangalia gari akifika."

Alikata simu. Kisha akapiga tena.

"Husna, nimekudanganya. Ukimpata mwambie asimame."

"Asimame wapi?"

"Popote alipo. Asimame, watu washuke."

Kuku walikuwa wanalia uani kwa Husna. "Dada Grasi," Husna alisema taratibu, "unaniogopesha."

"Mpigie tu. Usiache kupiga."

Ng'ambo ya uwanja ilikuwa gereji ya Jacob, fundi wa magari aliyezifunga zile ekseli kwenye pikapu. Walifanya kazi pamoja miaka minane, yeye akikereza, Jacob akifunga. Alimkuta yuko chini ya gari. Alimwita, na alipotoka akampa kile kipande. Jacob alikigeuza kwenye mwanga.

"Ndiyo ya kwenye mashine?"

"Ndiyo. Kilomita elfu nane na mia saba. Za Ukasha zimefika elfu nane na mia nne."

"Bado mia mbili na kitu, basi."

"Jacob, chuma si saa. Hii imekatika leo, nyingine ya aina hiyo hiyo ingeweza kukatika jana, au mwakani. Sijui. Hakuna anayejua. Na sasa hivi amepakia watu kumi juu ya magunia."

Jacob alifuta mikono kwenye ovaroli, polepole kuliko ilivyohitajika. "Ekseli hiyo ikikatika," alisema, kama mtu anayejihoji mwenyewe, "gurudumu linatoka lote."

"Linatoka lote."

"Akifika hapa tutamwambia."

"Kabla ya kufika kuna ule mteremko wa darajani."

Jacob alitazama barabara. Grasiana aliona kwamba naye anaogopa, ila anaogopa mengine pia. "Ukisema mbele za watu kwamba tumefunga kitu kibovu," Jacob alisema, "nani ataleta gari hapa tena? Hebu fikiri."

"Nimeshafikiri. Washa pikipiki."

Walichukua jeki, spana, nyundo kubwa, kopo la mafuta ya taa na boksi la chaki, wakaviweka kwenye mfuko wa turubai ambao Grasiana aliukumbatia akiwa amekaa nyuma ya Jacob. Walivuka Mto Pangani, wakaingia kwenye barabara ya Handeni. Pande zote mbili mkonge ulisimama kwa mistari mirefu.

Kila gari lililokuja mbele yao Grasiana alilikagua kuanzia mbali. Kwanza rangi, kisha urefu, kisha kama kuna watu juu. Pikapu ya Ukasha ilikuwa nyeupe, na siku hiyo alishangaa jinsi barabara ilivyojaa pikapu nyeupe. Ya kwanza ilibeba mbao. Ya pili ilikuwa ya shule. Kila ilipopita, moyo ulishuka mahali pake, kisha ukapanda tena, kwa sababu kutomwona Ukasha kulikuwa na maana mbili, kwamba bado yuko mbele au kwamba ameshaanguka, naye hakuweza kuiacha ile ya pili.

Simu ilitetemeka mfukoni. Husna. "Haipatikani, dada. Napiga, haipatikani."

"Endelea."

"Kuna nini na hilo gari? Niambie."

Upepo ulikuwa mkali, akajifanya hasikii. Baadaye alijichukia kwa hilo.

Kabla ya Sindeni waliona watu wamekusanyika kando ya barabara, wengi, wamesimama kwa duara, wengine wakishuka baiskeli kukimbilia pale. Jacob alipunguza mwendo. Grasiana alitafuta rangi nyeupe katikati ya watu akaiona, kitu cheupe kimelala chini kwenye majani.

"Kuna nini?" Jacob alimuuliza mwanamume mmoja.

"Mbuzi. Kagongwa na lori. Mwenyewe anataka wamlipe, dereva anasema mbuzi alikuwa anazurura."

Alikuwa mbuzi mweupe. Jacob alicheka kicheko kikavu, akaongeza moto. Grasiana hakucheka. Alikuwa ameona jinsi itakavyokuwa: watu wale wale, duara lile lile.

Walimkuta Ukasha kilomita tano kabla ya kufika Sindeni. Pikapu ilitokea juu ya kilima ikiwa imeinama nyuma kwa uzito, magunia yamepita kimo cha kibanda cha dereva, na juu ya magunia akina mama wamekaa na kanga zao zinapepea. Wawili walikuwa wanaimba. Ilikuwa inateremka. Grasiana aliruka kutoka kwenye pikipiki kabla haijasimama, akaenda katikati ya barabara, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, akakipunga kwa mikono miwili.

Ukasha alipiga honi. Kisha akamtambua, akakanyaga breki. Grasiana aliruka kando, gari likampita kwa hatua thelathini, nyuma yake ikiyumba, na katika muda ule wote Grasiana alilikodolea macho gurudumu la nyuma. Lilisimama. Liliendelea kuwa mahali pake.

"Dada Grasi!" Ukasha alitoa kichwa dirishani akitabasamu. Alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye kofia ya kufuma, aliyezoea kutania. "Si ungesubiri tu, ndio tunakuja kwenu. Au unataka lifti?"

"Zima gari, kaka Ukasha. Naomba na funguo."

"Funguo za nini?"

"Naomba tu."

Alimpa, bado akitabasamu. Kutoka juu ya magunia mama mzee aliyejifunga ushungi wa bluu aliinama kutazama. Ndiye Bi Chausiku, mama yake Ukasha, mwenyekiti wa kikundi.

"Shikamoo, bibi," Grasiana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetoka jasho hivyo?"

Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo alianzia mwisho. "Bibi, naomba mshuke wote. Ekseli za gari hili nilizitengeneza mimi, na nilizitengeneza vibaya. Leo asubuhi moja kama hizi imekatika mbele yangu. Hizi nazo zinaweza kukatika wakati wowote. Gurudumu likitoka kwenye mteremko, mtakuwa juu."

Akina mama walitazamana. Mmoja alisema jambo kwa Kizigua, wengine wakaguna. Grasiana alikielewa Kizigua nusu nusu, na nusu aliyoielewa ilikuwa inauliza kama huyu mtu ana akili timamu.

Tabasamu la Ukasha lilikuwa limekwisha. "Subiri. Unaniambia chuma ulichonipa kwa mkono wako mwenyewe, nikakushukuru, nikakuletea na mahindi, ndicho kitakachoniua?"

"Ndicho ninachokuambia."

"Gari linakwenda vizuri. Halitoi hata sauti."

"Ekseli haitatoa sauti. Huo ndio ubaya wake."

"Kwenye kinu wametupangia saa nne," mama mwingine alisema. "Tukichelewa wanapitisha wengine."

"Naomba saa mbili tu. Nizitoe nizitazame. Zikiwa nzima nitakwenda na nyinyi kinuni, nitawasemea mimi."

Bi Chausiku ndiye aliyeshuka wa kwanza, na wengine wakamfuata, wakinung'unika, wakaketi kwenye majani kando ya barabara. Kupakua magunia kulichukua nusu saa.

Jacob alianza na upande wa kushoto kwa kuwa ndio uliokuwa kwenye ardhi tambarare. Aliyawekea mawe magurudumu mengine, akapiga jeki, akatoa gurudumu, akatoa sahani ya breki, akafungua nati nne, akaivuta ekseli nje pamoja na beringi yake. Grasiana aliipokea magotini. Aliisafisha grisi kwa kitambaa hadi ikang'aa. Kwa macho hapakuwa na kitu. Aliipaka mafuta ya taa pale kwenye kona, akasubiri yaingie, akaifuta ikawa kavu kabisa. Kisha akasaga chaki kwa jiwe, akaipaka unga mweupe kuzunguka ile kona.

"Sasa?" Ukasha aliuliza.

"Sasa tunangoja. Kama kuna ufa, mafuta yameingia ndani yake. Yatatoka yenyewe, yatachora mstari kwenye chaki."

Walingoja. Jua lilikuwa limepanda. Ukasha alichuchumaa, akina mama wawili wakaja kusimama nyuma yake. Zilipita dakika tano, kumi, kumi na tano. Chaki ilibaki nyeupe pande zote.

"Haina kitu," Ukasha alisema.

"Haina," Grasiana alikubali.

Mmoja wa akina mama alipiga makofi mara moja, kama mtu anayefukuza ndege, akarudi kwenye majani. "Tumeshushwa kwa ajili ya chaki."

Jacob alimsogelea Grasiana, akaongea karibu na sikio lake. "Basi, Grasi. Tumeona. Zilitengenezwa siku moja, chuma kimoja. Hii ikiwa nzima, na ile ni nzima. Tuirudishe, waende. Watatucheka wiki mbili, wataacha."

Na yeye alitaka sana iwe hivyo. Alikuja kukiri baadaye kwamba sehemu ile ndiyo iliyomtisha kuliko zote: jinsi alivyokuwa karibu kusema ndiyo. Uso ulikuwa unamwaka kwa aibu, akina mama wakimtazama, na namba alizoziandika kwenye boksi ghafla zilionekana za kitoto. Pengine alikuwa ameweka uzito mkubwa kupita kiasi kwenye mashine. Mtaalamu gani yeye, mtu wa karakana ya mabati?

Jacob aliirudisha ekseli, akafunga gurudumu. Ukasha alinyoosha mkono. "Funguo."

"Bado ya kulia," Grasiana alisema.

"Dada Grasi, nimekuheshimu. Mbele ya mama yangu nimekuheshimu. Nipe funguo."

"Barabara yetu imeinama upande wa kulia wakati wa kuja na mzigo. Kulia kunabeba zaidi. Niache niione hiyo moja."

"Nipe funguo!"

Alizitazama kiganjani, kisha akazitumbukiza ndani ya blauzi yake, kifuani, akakunja mikono. Ukasha alirudi nyuma hatua moja. Alitazama pembeni, kwa mama yake, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Mmoja wa akina mama aliangua kicheko, akaziba mdomo.

Bi Chausiku hakucheka. Alikuwa anamtazama Grasiana usoni, kwa muda mrefu. "Huyu anaogopa," alimwambia mwanawe. "Mtazame usoni. Mtu hajiaibishi hivi kwa mchezo. Mwache atoe."

Ya kulia ilikuwa ngumu kutoka. Jacob aliigonga, akavuta, akaigonga tena, na kila nyundo ilipogonga Grasiana alisema "taratibu." Ilipotoka aliisafisha, akapaka mafuta, akangoja, akafuta, akapaka chaki. Safari hii hakuna aliyekaa mbali. Walisimama wote kumzunguka, wakamzibia jua.

Dakika ya tatu kitu kilianza. Kilikuwa kama unywele umeanguka juu ya unga. Grasiana alipuliza, akidhani ni unywele kweli. Haukutoka. Ukazidi kuwa mweusi, ukasogea upande mmoja, kisha upande wa pili, ukifuata ile kona, polepole, kama kuna mtu ndani anauchora. Ulipita robo ya duara. Ulipita nusu. Aliigeuza ekseli magotini na mstari ulikuwa umetangulia upande wa pili pia.

"Mkwaruzo huo," Ukasha alisema. Lakini hakuusogelea.

"Si mkwaruzo."

"Mstari mwembamba hivyo? Chuma kinene kama mkono wangu kinaweza kukatwa na mstari kama huo?"

Grasiana alisimama. Aliilaza ekseli juu ya mawe mawili makubwa, bamba la gurudumu likiwa limening'inia nje. Alimpa Ukasha ile nyundo kubwa. "Piga bamba. Kama ni nzima, itakuumiza mikono tu. Ekseli nzima haikatiki kwa nyundo, hata ukipiga mpaka jioni."

Ukasha alivua kofia akampa mama yake. Alipiga mara moja. Ekseli ililia, ikaruka kidogo kwenye mawe. Alimtazama Grasiana. Akapiga mara ya pili, na bamba likadondoka chini.

Hapakuwa na mlio mkubwa. Lilidondoka tu kwenye vumbi, likabingirika kidogo, likalala.

Jacob ndiye aliyeliokota, na alipolitazama akakaa chini palepale, barabarani. Grasiana alilichukua mikononi mwake. Sehemu kubwa ya mkato ilikuwa nyeusi, laini, imesuguliwa miezi na miezi na vipande viwili vilivyokuwa vikifunguka na kujifunga gizani ndani ya gari. Juu ya weusi huo palikuwa na pete nyembamba, moja ndani ya nyingine, kama za gogo lililokatwa kwa msumeno, kila pete ni mahali ufa ulipopumzika kabla ya kusogea tena. Mwishoni kabisa, kwenye ukingo mmoja, palikuwa na kipande kidogo kinachong'aa kama chumvi. Kipya. Kilichokatika sasa hivi kwa nyundo.

Aliwaonyesha. Aliweka kidole gumba juu ya kile kipande kinachong'aa, kikafunikika karibu chote.

"Hapa ndipo palipokuwa pamebaki," alisema. "Hapa tu ndipo palipokuwa pameshika gurudumu."

Mama aliyekuwa akilalamikia zamu ya kinu aliondoka katikati ya kundi, akaenda nyuma ya kichaka, wakamsikia anatapika. Mwingine alianza kusoma dua kwa sauti ya chini. Ukasha alikuwa bado ameshika nyundo. Alitazama barabara, upande wa Korogwe, kule mteremko wa darajani ulikokuwa, kilomita nyingi mbele, hauonekani kutoka pale. Kisha akatazama magunia, na mahali mama yake alipokuwa ameketi juu yake.

"Asubuhi nimekimbiza," alisema. "Pale Misima, kuwahi. Nimekimbiza mpaka themanini."

Simu ya Grasiana ililia. Alikuwa Husna, na safari hii alikuwa analia. Grasiana alimpa Ukasha simu. "Niko salama," Ukasha alisema. "Husna, nisikilize, niko salama. Niko salama." Alirudia hivyo mara nyingi sana, kama mtu anayetaka na yeye mwenyewe aamini, kisha akatembea kwenda nyuma ya gari ambako hawakumwona.

Magunia yalichukuliwa mchana na lori lililokuwa likirudi Korogwe tupu. Dereva aliwaambia akina mama wapande. Hakupanda hata mmoja. Walifunga kanga zao vizuri wakarudi kwa miguu hadi Sindeni, na huko wengine walilala kwa ndugu zao, wengine wakaendelea kutembea kuelekea Misima.

Siku iliyofuata Jacob alikuja karakana asubuhi, akasimama mlangoni. "Ningeirudisha," alisema. "Ile ya kulia. Ningewaacha waende." Grasiana alimwambia aingie. Walifanya kazi kutwa bila kuirudia habari hiyo, na hawajairudia hadi leo, ila tangu siku ile Jacob hafungi kitu kwenye gari kabla ya kukipapasa kona zote kwa kidole.

Ekseli mpya ilimchukua Grasiana miezi miwili. Aliipa kona mviringo mpana, akakikereza kifuniko ukingo ili kikae. Alitafuta chuma bora zaidi, akakipeleka Tanga kikachomwe na kupozwa kwa mpango, kisha akaisugua ile kona kwa msasa mpaka usiweze kuona alama hata moja ya kisu cha mashine, kwa sababu alama ndogo nayo inatosha kuwa mwanzo. Aliifunga kwenye mashine yake akaiongezea uzito. Siku ya sita, saa mbili asubuhi, alishindwa kubaki ndani, akasimama nje ukutani akisikiliza. Ilipita milioni nne. Ilipita nane. Ilipofika milioni kumi na mbili aliizima mwenyewe, akaipaka chaki. Ilikuwa nyeupe. Ukasha alifungiwa mbili za namna hiyo, naye huleta gari kila baada ya miezi mitatu zikatazamwe, bila kukumbushwa.

Mwezi uliopita Grasiana alikwenda Misima kumjulia hali Husna, aliyejifungua. Wakati wa kuondoka alikutana na Bi Chausiku njiani, anatoka shambani na kapu kichwani. Husna alikuwa amemwambia: bibi hajapanda gari tangu siku ile. La mwanawe wala la mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Bi Chausiku alishusha kapu. Hakuwa na hasira usoni. "Hizo mpya ulizomwekea Ukasha. Wanasema ulizijaribu sana."

"Nilizijaribu, bibi. Mara tatu ya zile."

"Zikakatika lini?"

"Hazikukatika. Nilisimamisha mwenyewe."

"Kumbe," Bi Chausiku alisema. "Basi mwisho wake hujauona."

Grasiana alikuwa na maelezo, ya uzito na ya mviringo na ya kukagua kila miezi mitatu, na yote yalikuwa ya kweli. "Sijauona, bibi," alisema.

Bi Chausiku aliitikia kwa kichwa, akainua kapu, Grasiana akamsaidia kujitwisha. Nyuma yao pikapu nyeupe ilitokea ikiwa na mzigo wa mihogo. Ukasha alipunguza mwendo, akapiga honi mara mbili, akafungua mlango wa abiria. Bi Chausiku alisogea kwenye majani ili gari lipite, akampungia mwanawe mkono aendelee mbele, naye akashika njia yake kwa miguu.